Nani Aliyeishona Peugeot ya Meru?

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba chombo kimoja huwa na mafundi wengi. Aundaye jahazi siye ashonaye tanga, na ashonaye tanga siye asokotaye kamba. Nenda Matondoni, kule Lamu, ukaulize. Utaambiwa kila kazi ina mwenyewe. Lakini tukishapanda gari, hekima hiyo twaiacha mlangoni. Twaona jina lililobandikwa mbele, Peugeot au Isuzu au Scania, nasi tukadhani kwamba mwenye jina ndiye aliyefanya kila kitu tangu injini hata kitasa cha mlango.

Sivyo, msomaji mpenzi. Magari mengi tuliyoyapanda maishani mwetu yalikuwa na mafundi wawili: mmoja alitengeneza injini na magurudumu, wa pili akalishonea gari nguo yake. Wa kwanza sifa zake zimejaa dunia. Wa pili hatajwi, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu kazi yake ndiyo inayosimama baina ya mwili wa abiria na jiwe la kando ya njia.

Nami nimechagua kumtafuta fundi huyu katika njia ya Embu na Meru. Nimepita huko mara kadhaa. Njia hiyo yaambaa ubavuni mwa Mlima Kenya, yapanda na kushuka, yavuka mito iteremkayo kutoka mlimani: Rupingazi pale Embu, kisha Thuci, kisha Nithi, kisha Mutonga, na kila mto una bonde lake na kila bonde lina kona zake. Katika njia kama hiyo bodi ya gari haiwezi kuficha kitu. Iliyoshonwa vyema hunyamaza, na iliyoshonwa ovyo hulia kama debe la misumari.

KAZI YA NYUNDO NA JICHO

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya magari ya moto, Ulaya ilikuwa na mafundi waliounda magari ya kukokotwa na farasi. London palikuwa na nyumba moja iitwayo Hooper, iliyoanzishwa mwaka 1805, ambayo ilikuwa ikiwaundia wafalme. Injini zilipokuja, mafundi hao hawakubadilisha kazi yao sana. Walichobadilisha ni kilichokuwa mbele, akaondoka farasi ikaja injini.

Utaratibu ulikuwa hivi. Tajiri aliyetaka Rolls-Royce hakuuziwa gari zima. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo ilimwuzia chesisi tu, yaani uti wa mgongo wa chuma wenye injini, usukani na magurudumu, hauna milango wala paa wala kiti cha maana. Tajiri aliipeleka chesisi yake kwa mshonaji amtakaye, kama vile sisi tunavyochukua kitambaa cha kanzu dukani tukakipeleka kwa fundi cherehani. Huko alikaa na fundi wakaelewana: paa lije chini au lipande juu, buti liwe refu au fupi, viti vya ngozi ya rangi gani.

Fundi naye alianza kwa kusimamisha mbavu za mbao ngumu juu ya chesisi. Mtu wa Lamu angeziona angesema hayo ni mataruma, na asingekosea. Juu ya mataruma hayo yaligongomewa mabati ya chuma au ya alumini, ambayo yalipindwa kwa nyundo juu ya gogo, pigo baada ya pigo, mpaka bati likashika umbo. Kipimo kikubwa kilikuwa jicho na kiganja cha mkono. Fundi alipitisha kiganja juu ya bati, na penye kibonyo kidogo kiganja kilimwambia. Bodi moja iliweza kuchukua miezi.

Kazi hiyo ilienea Ulaya nzima. Ujerumani, katika mji wa Osnabrück, Wilhelm Karmann alinunua karakana ya magari ya farasi mwaka 1901. Italia, katika mji wa Turin, Giovanni Bertone alifungua karakana yake mwaka 1912. Hawa hawakuwa watumishi wa kampuni za magari. Walikuwa mafundi huru, wenye milango yao na majina yao.

Kilichowapiga ni mabadiliko ya namna ya kuunda gari. Mwaka 1922 kampuni ya Lancia ilitoa gari ambalo bodi yake na uti wake wa mgongo vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1934 Citroën ikafanya hivyo kwa magari ya watu wengi, mabati yakigandamizwa na mashine kubwa na kuchomelewa pamoja. Basi hapakuwa tena na chesisi ya kupelekwa kwa mshonaji. Gari lilitoka kiwandani limekwisha kuvaa. Hooper, mshonaji wa wafalme, alifunga mlango mwaka 1959.

MDOGO WA TURIN

Lakini wengine hawakukubali kufa. Turin alikuwako mtu mmoja aitwaye Battista Farina, aliyezaliwa mwaka 1893, mtoto wa 10 katika watoto 11. Kwao walimwita Pinin, maana yake mdogo. Mwaka 1930 alifungua karakana yake mwenyewe. Gari moja dogo alilolishona baada ya vita, Cisitalia, lilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini New York mwaka 1951, likahesabiwa kuwa kazi ya sanaa sawa na picha au sanamu. Mwaka 1961 jina lake la utani liliunganishwa rasmi na la ukoo, likawa Pininfarina, nalo ndilo jina la nyumba yake hata leo.

Ujanja wa Pininfarina ulikuwa huu: aliona kwamba ikiwa viwanda havitaki tena nyundo yake, basi vitataka jicho lake. Akaanza kuviuzia michoro. Kiwanda kitagandamiza mabati kwa maelfu, lakini umbo litatoka kwake. Na miongoni mwa waliobisha hodi mapema walikuwa Wafaransa wa Peugeot. Matunda yao ya kwanza yalikuwa 403, mwaka 1955. Mwaka 1960 ikatoka 404. Mwaka 1968 ikatoka 504, na mwaka uliofuata ikatunukiwa heshima ya kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya.

Hapo ndipo hadithi ya Turin inapoingia nyumbani kwetu. Ni nani katika Kenya, mwenye umri wa kukumbuka, asiyeijua 504? Taa zake za mbele zimekaa mshazari kama macho yaliyopakwa wanja, na buti lake limekatwa likainama kidogo nyuma. Mkato huo haukuwa wa bahati nasibu; ulikuwa mkono wa mshonaji wa Turin. Na wala haikutoka Ulaya ikiwa nzima. Kenya ilipoanzisha viwanda vya kuunganisha magari katika miaka ya 1970, kimoja kilijengwa kwetu Mombasa, nacho ni Associated Vehicle Assemblers, kwa kifupi AVA. Peugeot 504 ilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa pale na vijana wetu. Kwa hiyo Peugeot iliyokuwa ikipanda kona za Chuka yawezekana ilichorwa Turin, chuma chake kikatoka Ufaransa, na ikafungwa skurubu na mtu wa Mombasa.

Embu na Meru ziliipenda kwa sababu zake. Ile ndefu ya familia, yenye safu tatu za viti, ilikuwa teksi ya safari. Ilichukua abiria saba kwa hesabu ya kiwanda, na zaidi kwa hesabu ya utingo. Nyuma walikuwa wameitilia ekseli nzima na springi za kubeba mzigo, na urefu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliuongeza kwa sentimita 16 kupita ile ya kawaida. Ndiyo maana hata ilipojaa watu na magunia haikunyanyua pua. Sisi huku tuliijua katika njia ya Malindi. Wao waliijua katika njia ya Nairobi.

Tena kuna jambo la Safari Rally. Miaka mingi mashindano hayo yalikuwa yakiuzunguka Mlima Kenya, yakipita Embu na Meru, na nyakati za mvua udongo mwekundu wa huko uliyameza magari ya kila taifa. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975, na mwaka 1978 ikashinda ile ya milango miwili, ambayo bodi yake haikuchorwa tu na Pininfarina bali iliundwa katika karakana yake. Ilionekana wazi kwamba nguo nzuri si urembo peke yake. Iliyoshonwa barabara haichaniki matopeni.

WASHONAJI WETU

Sasa tugeukie upande wetu, maana washonaji hawako Ulaya tu. Kazi ile iliyokufa kule, ya kuchukua chesisi tupu na kuivisha bodi, hapa kwetu haijafa. Imo mbele ya macho yetu kila siku, ila hatuiiti kwa jina.

Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni iliyokuwa ikitakiwa kwa mabasi, mafundi wa mabati walipata neema. Pikapu, nyingi zikiwa Peugeot za mchoro wa Turin, zilikatwa nyuma zikavikwa sanduku la mabati lenye madirisha madogo. Ndani palitiwa mabao mawili ya kukalia, abiria wakatazamana uso kwa uso, magoti kwa magoti. Hakuna mtu wa Turin aliyeulizwa. Mchoro ulikuwa kichwani mwa fundi na kipimo kilikuwa idadi ya abiria anaowataka mwenye gari.

Kwa mabasi makubwa kazi ilishikwa zaidi na mafundi wa Kisikh, ambao pwani tulizoea kuwaita Makalasinga. Wazee wao wengi walikuja wakati wa kujenga reli, wakiwa maseremala na wahunzi. Nairobi kuna nyumba kama Labh Singh Harnam Singh, Banbros na Master Fabricators, ambazo majina yao utayaona yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye mabasi, hali jina la Isuzu au Scania limeandikwa kwa kubwa. Chesisi yaletwa na kampuni ya magari, na nyumba hizo zasimamisha mataruma ya chuma, zachomelea, zapiga mabati kwa ribiti, zafunga viti na vioo, zapuliza rangi. Hooper wa mwaka 1920 angeingia katika karakana hizo asingepotea njia.

Na ngazi ya chini kabisa ni fundi wa jua kali. Meru, pande za Gakoromone, na Embu vilevile, utamkuta chini ya mabati yake na mtungi wa gesi, akinyosha mlango uliobonyea au akiunda fremu ya vyuma ya kufungia turubai nyuma ya pikapu. Pikapu hizo ndizo zinazokimbiza miraa kutoka Maua. Mjadala wa miraa na muguka, ambao ulipamba moto pwani mwaka 2024, nawaachia wenzangu; mimi hapa natazama gari tu. Jani likikaa siku mbili limekwisha thamani, kwa hiyo fundi huongezewa maneno mawili na mwenye gari: libebe zaidi, na lisiwe zito. Hayo ndiyo maneno yaleyale waliyoambiwa washonaji wa magari ya mashindano kule Italia. Nilisimama kumtazama fundi mmoja wa makamo akipitisha kiganja juu ya bati alilokwisha kulinyosha. Hakutazama, alikuwa akizungumza na mtu mwingine huku mkono ukitafuta kibonyo. Nikasema moyoni, kumbe elimu ni ile ile.

PALE NITHI

Lakini haifai kusifu ufundi tukanyamazia msiba. Jumapili tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni katika daraja la Nithi. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Miongoni mwetu wapo waliokuwa wakingoja wageni na jamaa siku ile. Kabla ya hapo, tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka Fort Ternan, magharibi mwa nchi, likafumuka paa, wakafa watu zaidi ya 50.

Ajali haina kinga, ndivyo tunavyoambiana matangani, na ajali zina sababu nyingi: breki, mwendo, kona, usingizi. Sisemi kwamba mshonaji ndiye mwenye lawama ya kila roho. Nasema hivi: breki zikishakosa kazi na dereva akishashindwa, kinga ya mwisho iliyobaki ni bodi. Ama paa litasimama, ama litalala juu ya vichwa vya watu. Ama kiti kitashika sakafu, ama kitang'oka na aliyekikalia. Hayo huamuliwa karakanani, miezi au miaka kabla ya safari, na mtu anayechagua unene wa chuma.

Dunia imekwisha kuliandikia jambo hili sheria. Tangu miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa una Kanuni nambari 66, inayotaka basi likipinduka libakishe ndani nafasi ya abiria kuishi, mataruma yasiingie katika nafasi hiyo. Kenya nayo ina kiwango chake cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, cha Shirika la Viwango. Basi sheria haikosekani. Kinachotakiwa ni mwenye basi kukubali kulipa bei ya chuma kinene, mkaguzi kukataa kufumba jicho, na abiria kujua la kuuliza. Nao abiria ni mimi na wewe. Twauliza nauli, twauliza saa ya kuondoka, twauliza kama kuna muziki. Hatuulizi bodi hii imeshonwa na nani.

FUNZO LA WALIOTUTANGULIA

Nyumba kubwa za Ulaya zilikwendaje mwisho? Ghia ya Turin ilimezwa na Ford katika miaka ya 1970, jina lake likabaki kuwa kibandiko tu kwenye magari ya Ford yaliyopambwa zaidi. Karmann ilifilisika mwaka 2009. Giorgetto Giugiaro, aliyechora Volkswagen Golf ya mwaka 1974, aliiuzia Volkswagen sehemu kubwa ya nyumba yake mwaka 2010. Bertone ilianguka mwaka 2014. Pininfarina mwenyewe, aliyetuvisha sisi na watoto wetu, alinunuliwa na Wahindi wa Mahindra mwaka 2015. Hata kwenye mabasi, ambako washonaji walidumu zaidi, Van Hool ya Ubelgiji ilifilisika mwaka 2024.

Hawa hawakuanguka kwa kukosa ufundi. Walianguka kwa sababu mshonaji anaishi kwa kitambaa cha mwenziwe. Mwenye kitambaa alipojifunza kushona, au alipompa kazi mwingine, mshonaji alibaki na sindano mkononi. Nayo hatari hiyo sasa imefika kwetu. Mabasi yanaletwa kutoka Uchina yakiwa kamili. Mabasi ya umeme yameanza kuunganishwa nchini, mengine hapahapa Mombasa, na mengi yanakuja bodi yake ikiwa imekwisha kuamuliwa huko yatokako. Mwaka 1934 wa Ulaya ndio huu wetu, umechelewa tu njiani.

Kwa maoni yangu waliobaki salama kule ni wale waliofanya mambo mawili: walifanya jina lao liwe dhamana, hata mnunuzi akalitafuta kwa jina, na waligeuza jicho lao kuwa elimu iliyoandikwa, wasiiache kichwani mwa mzee mmoja. Washonaji wetu wana mikono. Wanaijua njia ya Nithi kuliko mchoraji yeyote wa Turin au wa Uchina. Wanajua springi gani yavunjika na taruma lipi lapasuka, kwa sababu magari yanarudi kwao yakilia. Elimu hiyo ikiandikwa, ikapimwa, ikafundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi, haitapokonywa na mtu. Ikiachwa, tutabaki kununua nguo zilizoshonewa watu wengine, na zisipotutosha tutajilaumu.

Peugeot 504 zimebaki chache Embu na Meru. Zilizobaki zimepigwa rangi mara nyingi hata haijulikani ya kwanza ilikuwa ipi, na mabati mengi yamebadilishwa na mafundi wa hukohuko, kiraka juu ya kiraka. Lakini ukiitazama moja ikipita, lile umbo bado limo. Mshonaji wa Turin alifariki mwaka 1966, kabla 504 haijatoka kiwandani, na washonaji wa Meru wanaendelea kuitia viraka. Basi safari ijayo ukipanda basi la kwenda Meru au la kurudi pwani, kabla hujatafuta kiti chako, inama kidogo ukasome zile herufi ndogo. Ukimwona makanga anakushangaa, mwulize tu, kwa adabu: hili limeshonwa na nani?